Siku Pampu Iliponyamaza kwenye Njia ya Kilembe

Daktari wa macho alipanda Kilembe kwa nadra, na kila alipokuja alikaa siku moja tu. Habari za ujio wake zilitufikia Bwera kwanza kwa wachuuzi wa samaki, kisha padri akazitangaza baada ya misa, na nyanya yangu, mama mzazi wa mama yangu, akarudi kutoka kanisani akipapasa njia kwa fimbo. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akasema, "Ni Alhamisi. Alhamisi naenda kuona watu."

Macho yake yote mawili yalikuwa yameshikwa na ukungu mweupe. Alikuwa amevuka mpaka kutoka upande wa Butembo katika miaka ya machafuko, na siku hizo, alipenda kusema, aliweza kuona unyoya wa kuku ng'ambo ya mto. Sasa ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, na nyanya alinitambua kwa harufu ya sabuni ya chuoni.

Gari lilikuwa la baba. Lilikuwa gari kuukuu la Kiingereza, rangi ya maziwa yaliyolala, na baba alilitumia kubeba chumvi ya Katwe mpaka soko la Bwera. Magunia aliyaweka kwenye buti. Chumvi ile ilivuja, ikaingia kwenye kila ufa, na baba, ambaye alikuwa mtu wa usafi, aliimwagia maji ndoo baada ya ndoo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Alipoona kutu imeanza kula sakafu ya buti, aliamua kuikomesha. Mwezi mmoja kabla ya safari yetu alifungua kila kilichofungwa kwa bolti humo nyuma, akapaka rangi nyeusi nzito, mara mbili, kisha akarudisha kila kitu mahali pake. Aliwaita majirani waje kuona. "Hata mgeni anaweza kulala humu," alisema, na hakuna aliyempinga, kwa maana sakafu ile iling'aa kuliko meza yetu ya chakula.

Kulikuwa na jambo jingine. Katika nyumba yetu, baba na nyanya hawakuongea ana kwa ana. Hawakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima ya mtu na mama mkwe wake. Hakumtazama usoni, naye hakumtazama. Kama nyanya alitaka chumvi na kibakuli kipo mbele ya baba, alimwambia mama, mama akamwambia baba. Mama alipokuwa hayupo, kazi ile ya kupeleka maneno ilikuwa yangu. Alhamisi ile mama alibaki dukani. Kabla hatujaondoka alining'iniza kitenge kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, akakibana kwa pini, ili wawili wale waweze kusafiri ndani ya gari moja bila kuvunjiana heshima. Nyanya alikaa nyuma peke yake na kikapu chake. Mimi nilikaa mbele na baba, na kila neno lilipita kwenye shavu langu.

Hatujatoka hata nje ya Bwera nyanya akainua pindo la kitenge.

"Mutoto. Ambia baba yako, kuna panya hapa nyuma ya mugongo yangu. Iko natafuna. Tik, tik, tik."

Nilimwambia baba kama alivyosema. Uso wa baba ulijikunja kana kwamba mtu amemtemea mate kwenye sakafu ile nyeusi.

"Panya? Kwa gari yangu? Mwambie mama, hiyo ni pampu ya mafuta. Iko nyuma kwa buti, inafanya kazi na umeme. Inavuta mafuta kutoka kwa tangi inapeleka mbele. Ikilia ni uzima."

"Nyanya, baba anasema ni pampu."

"Sawa. Ni panya ya mafuta."

Hilo la pili sikulipeleka. Niliona vidole vya baba vilivyokaza usukani, nikaamua kwamba kuanzia pale maneno ya nyanya yatapita kwangu yakiwa yamechanwa nywele. Nilijiona hodari. Nilikuwa na daftari chini ya kitanda lenye hadithi tatu ambazo hakuna aliyezisoma, na niliamini kwamba najua namna ya kumfanya mtu aseme vizuri kuliko anavyosema.

Tulipita Kisinga jua likiwa bado changa. Kahawa ilianikwa kwenye mikeka kandokando ya barabara, na milima upande wa kushoto ilikuwa imevaa mawingu mpaka mabegani. Hapo gari likakohoa. Likavuta mara mbili kama mtu anayejikwaa, kisha likafa kimya, tukabaki kusikia mawe yakisagika chini ya magurudumu hadi tulipojikokota na kusimama.

"Uchafu kwa mafuta," baba alisema. Alishuka, akafungua buti, akatoa spana, akafungua bomba la mafuta mbele kwenye injini, akalipuliza kwa mdomo mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Akatema petroli. Akafunga bomba, akarudisha spana nyuma, akalibamiza buti. Akageuza swichi na kuvuta stata kwa mkupuo mmoja, kama kawaida yake. Gari likawaka.

"Umeona?" aliniambia.

Nyuma ya kitenge nyanya alinigusa bega. "Ambia baba yako ile panya yake ilinyamaza mbele ya gari kufa. Ilinyamaza, njo gari ikakufa."

"Anasemaje?" baba aliuliza.

"Anasema joto limeanza."

Baba akashusha kioo.

Nasema hivi sasa kwa urahisi, lakini siku ile sikuhisi nimekosea. Nilisikia neno panya nikashtuka, basi. Tena gari likizimika kila kitu ndani yake hunyamaza, hata mtoto anajua. Sikulipima lile neno "mbele," ambalo kwa Kiswahili chake cha Butembo ni "kabla."

Kabla ya Kinyamaseke lilikufa tena. Safari hii kulikuwa na fundi, Mkongo mmoja aliyetengeneza baiskeli na chochote kingine kilichokuwa na magurudumu, amevaa kofia ya sufu katika joto lile. Alizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Papa, esanse iko nafika?"

"Petroli haifiki. Lakini bomba nimepuliza, iko safi."

"Basi ni kabireta. Inakula vumbi, inashiba, inalala." Akacheka. "Kama mukubwa wa ofisi."

Baba hakucheka. Alitoa spana na bisibisi kwenye buti akampa. Fundi alifungua kabureta vipande vipande, akavipanga juu ya jani la mgomba, akavifuta kimoja kimoja na kuvielekeza kwenye jua. Tuliona tundu dogo kama la sindano. Lilikuwa safi, nami nilisema hivyo.

"Baba, hili tundu halijaziba."

"Binti," fundi alisema bila kuinua macho, "shikilia mama mwavuli. Jua iko kali."

Nilishika mwavuli. Nilisimama pembeni mwa dirisha la nyanya nikiwaka kwa hasira, nikitazama kivuli cha gari kikifupika. Ilikuwa lazima tufike Kilembe kabla ya saa saba. Padri alisema daktari anapokea majina mpaka hapo tu. Mkulima mmoja alipita na mbuzi, akatusalimu, akaenda, akarudi bila mbuzi, akatusalimu tena. Hatimaye kabureta ikarudi mahali pake, vyombo vikarudi kwenye buti, buti likabamizwa, gari likawaka kwa mlio mtamu.

"Nilisema!" fundi alipaza sauti, akapiga paa la gari kwa kiganja.

Na kweli, nani angembishia? Hicho ndicho kinachonikera hata sasa nikikumbuka. Kila dawa ilifanya kazi. Kama ingeshindwa moja tu mapema, tungeacha kuzitafuta.

Nyanda za Kikorongo zilikuwa zimekauka, majani ya rangi ya simba, nyati mmoja mzee amesimama mbali akitutazama bila haja. Hapo likafa mara ya tatu, juani, pasipo na mti. Baba alisema petroli imechemka ndani ya bomba. Aliomba maji. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya nyanya ya kunywa, ndani ya chupa iliyofungwa kwa gunzi.

"Nyanya, baba anaomba maji ya kupoza gari."

"Gari inakunywa mbele ya mimi?" Lakini alinipa. Kisha akanishika mkono kupitia kitenge, akaung'ang'ania. "Wewe unaambiaka baba yako maneno yangu? Ile kitu imenyamaza tena. Mara ya tatu. Umuambie."

"Nitamwambia."

Baba alikuwa amelowesha kitambaa, anakizungushia bomba. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu. Nilimwona amechoka, amedhalilika mbele ya mama mkwe wake aliyekaa kimya nyuma ya pazia, nikamhurumia. "Nyanya anasema pole kwa kazi," nilimwambia. "Mwambie ahsante sana," alisema, na sauti yake ilikuwa laini hivi kwamba nilifurahi.

Alisafisha na plagi pia, kwa hakika. Vyombo nyuma, buti bamu, gari likawaka.

Kizuizi cha wanajeshi kilikuwa kabla ya kuingia Kasese: gogo juu ya mapipa mawili. Baba alipunguza mwendo, na gari, kana kwamba limewaogopa, likafa palepale mbele ya gogo.

"Wewe! Toka! Fungua buti! Upesi!"

"Ndiyo, afande. Imezimika yenyewe, afande."

Mwanajeshi alichungulia ndani, akaona kitenge, akakiinua kwa mtutu. Nyanya aligeuza uso wake wenye macho meupe kumwelekea.

"Huyu anajificha nini?"

"Ni mama mkwe wangu, afande. Ni heshima."

Mwanajeshi alimtazama baba, akatutazama sisi, akaangua kicheko. "Kumbe hata wewe uko na rodibloki ndani ya gari!" Wenzake wakacheka. Alienda nyuma, akafungua buti mwenyewe, akapekua gunia tupu na mfuko wa spana. Kisha akalibamiza kwa mikono miwili, kwa nguvu za mtu asiyelipia chochote. "Endeni!"

Baba aliingia, akageuza swichi bila tumaini, mkono mmoja tayari kwenye mlango ili ashuke tena. Gari likawaka.

Tulivuka gogo. Nilikuwa nimekaa wima. Hakuna aliyegusa injini. Hakuna aliyepuliza, kufungua, kulowesha wala kufuta kitu. Mtu alibamiza buti tu. Nikarudi nyuma kichwani: bomba, kisha buti. Kabureta, kisha buti. Maji na plagi, kisha buti.

"Baba, ugonjwa uko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kwenye buti. Kila tukilifunga kwa nguvu gari linawaka. Kitu kinatikisika huko, labda kwenye pampu, kinarudi mahali pake."

"Pampu nimefunga mimi. Kwa mkono huu."

"Najua, lakini..."

"Nimeendesha gari kabla hujazaliwa. Buti ni ya mizigo. Gari imewaka, wewe unataka ife?" Akaelekeza kidole kwenye miguu yangu. "Sasa hizo spana weka hapo mbele. Nimechoka kuzunguka."

Nilikuwa na neno la nyanya mkononi mwangu, neno ambalo lingemaliza ubishi, na kulitoa sasa kungekuwa kukiri kwamba nimelificha tangu asubuhi. Nilitazama nje. Mji wa Kasese ulipita, na reli, na maghala ya pamba, tukaanza kupanda bonde la Kilembe, mto Nyamwamba ukinguruma upande mmoja juu ya mawe yake makubwa. Jua lilikuwa limeshapita utosini.

Gari likafa katikati ya mlima.

Safari hii spana zilikuwa miguuni pangu. Baba alifungua boneti tu. Alipuliza bomba: hapana. Alilowesha bomba kwa maji ya mto: hapana. Plagi, koili, waya hadi waya, hapana na hapana. Buti halikuguswa, na gari halikuwaka. Wafanyakazi wa mgodi waliotoka zamu walipita na kofia zao ngumu, mmoja akasema, "Mzee, mpe uji," na wengine wakacheka mpaka kwenye kona. Baba alisimama mikono imelegea. Nilimwambia tena kuhusu buti, nikapaza sauti, akanijibu kwa sauti kubwa zaidi.

Ndipo nyanya alipokishika kitenge na kukivuta. Pini ziliruka. Alitoa kichwa dirishani, akamwita moja kwa moja, jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu.

"Mukwe!"

Baba aligeuka haraka, akampa mgongo, akainamisha kichwa kuelekea mto.

"Mukwe wangu, unisamehe. Ile pompe yako iko nanyamaza kwanza, njo gari iko nakufa. Kila mara. Sasa hivi ukigeuza ufunguo, hailie. Nilimuambia huyu mutoto mara mbili. Mimi sina macho lakini mugongo yangu iko hapo."

Mto ulinguruma. Baba hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Alikuambia?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukaniambia joto. Ukaniambia pole."

Alienda nyuma, akalifungua buti taratibu, akaondoa gunia. "Geuza swichi. Usivute stata." Niligeuza. Kimya. Alishika waya mfupi mweusi uliotoka kwenye pampu na kufungwa kwa bolti kwenye sakafu. Mafundi wanauita athi, njia ya umeme kurudi kwenye mwili wa gari. Aliusukuma kwa kidole gumba. Tik, tik, tik. Akauacha. Kimya. Akausukuma tena, akauacha tena, kana kwamba anaomba usiwe huo.

Bolti ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Ile rangi yake nzuri, mara mbili, nene kama utando wa uji, ilikuwa imekaa kati ya waya na chuma, na umeme haupiti kwenye rangi. Kwa wiki kadhaa ulipata njia kwenye meno ya bolti, mpaka maji ya Ijumaa yakaingiza chumvi humo na kutu ikaila. Kuzunguka kichwa chake kulikuwa na pete nyeupe ya chumvi. Nyanya alitoa kisu cha kumenyea machungwa, nikampelekea baba. Alikwangua mpaka chuma kikametameta, akakaza bolti. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

Hospitalini benchi zilikuwa tupu. Muuguzi alikuwa akikunja karatasi za majina. Alituhurumia, akaingia ndani kumuuliza daktari, akatoka akitikisa kichwa: daktari alikuwa na wagonjwa wa kutosha mpaka jioni, na kesho asubuhi anaondoka. Atarudi baada ya mvua za masika.

Nilijiandaa kumwambia nyanya. Baba alinitangulia. Alisimama mbele yake, macho kwenye ardhi.

"Mama, tumechelewa. Mimi nilipaka rangi mahali pa chuma."

"Na huyu?"

"Huyu pia amepaka yake."

"Basi muko wawili," nyanya alisema. "Munishike, kila mutu na mukono yake. Hizi ngazi siijue."

Mvua za masika zilikuja, zikapita, daktari akarudi, na safari hii tulifika mapema kabla ya muuguzi. Jicho la kushoto lilifunguka. Siku walipoondoa bandeji nyanya alimtazama baba usoni bila haya, kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe iko mufupi hivi," na baba akacheka mpaka akashika ukuta. Jicho la kulia halikufunguka. Daktari alieleza kwamba mshipa wa nyuma umekufa, hakuna tena la kufanya. Alikuwa akizungumza Kiingereza, na baba hakukijua.

"Muulize," baba aliniambia, "kama tungemleta ile mara ya kwanza."

Nilimuuliza. Daktari alifikiri, akalitazama jicho tena, akajibu. Baba alinigeukia, na nyanya naye akanigeuzia lile jicho lake jipya. Kisha niliwaambia kama alivyosema.

"Anasema ndiyo. Ingesaidia."